Mkono wa Yoramu Kihwele

Mti ukimwua mtu, aliyeuangusha huweka chini msumeno wake siku hiyohiyo, wala hataushika tena mpaka naye afukiwe.

Hiyo ndiyo Kanuni ya Kwanza ya msitu wa Lyamanda. Ilikuwapo kabla ya barabara na kabla ya kiwanda cha mbao, na watoto wa vijiji sita waliijua kabla hawajajua kuhesabu vidole vyao. Shirika la Msitu lilipokuja na mkataba wake wenye kurasa mia na ushei, wazee walikataa kutia sahihi mpaka kanuni hiyo iandikwe juu ya mambo mengine yote. Ikaandikwa. Wanasheria wa Shirika walitazamana wakatabasamu, kwa kuwa wao walikwisha kujua kwamba tangu mwaka ule miti ya Lyamanda haingeangushwa tena na watu.

I

Asubuhi ya Alhamisi moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa umelala juu ya misonobari kama blanketi lililoloa, Yoramu Kihwele aliketi katika kibanda cha lango la msitu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mwenye shingo ngumu na viatu vilivyong'arishwa. Alikunja mkono wa shati lake, akalaza kifundo cha mkono wa kulia juu ya kibao cha shaba. Chini ya ngozi, pale mapigo yanaposikika, ulilala uzi mwembamba kuliko unywele. Kibao kiliyasikia mapigo yake, kikayatambua, na huko juu milimani mashine arobaini zikanyanyuka kutoka magotini.

Watu waliziita panzi, kwa ajili ya miguu yake sita iliyokunjwa juu zaidi ya mgongo. Panzi mmoja alifanya kazi ya wakata miti hamsini. Hata hivyo panzi hakuwa na ujuzi wake mwenyewe. Sheria ya nchi ilisema kwamba mashine haitaangusha mti mahali walipo watu isipokuwa inautumia mkono wa mtu aliye hai, aliyekubali, na atakayejibu akiitwa. Jicho la panzi lilifundishwa maabara. Mkono wake ulifundishwa na binadamu. Miaka kumi na miwili nyuma, kati ya wakata miti mia mbili walioachishwa kazi kwa siku moja, Shirika lilimchagua mmoja tu. Kwa muda wa mwaka mzima Yoramu alikata miti akiwa amevaa fulana na glavu zilizosoma kila msuli uliokaza na kila msuli uliolegea, mpaka yote aliyoyajua mwili wake yakahamia kwa panzi. Kisha wakamtia ule uzi, uwe muhuri. Mapigo yakisimama, au uzi ukitolewa, mkono hufa katika mashine zote.

Malipo yake yalikuwa kiti. Katika Lyamanda ya siku zile, kiti maana yake nafasi ya kazi: ukoo ulio na kiti ulikula, na ukoo usio na kiti ulihamia mjini kutafuta vibarua ambavyo navyo vilikuwa vimekwisha. Viti vilikuwa sabini tu, vya watunzaji wa panzi, nao ni watu waliotembea karibu na mashine wakipanga bendera, wakisafisha meno ya misumeno na kuyaelekeza magogo. Kimoja alipewa Eufrasia, binti yake wa pekee.

Kabla ya saa nne alimwona Eufrasia akishuka mbio, kofia ya chuma mkononi.

"Mbona umeshuka?" akamwuliza. "Zamu haijaisha."

"Baba, panzi wa kumi na tisa ameua."

Yoramu alisimama. "Ameua nani?"

"Kaspari. Kaspari wa mzee Zakayo." Alikuwa akihema. "Kule Ihanga, kwenye mteremko mpya. Mti umemlalia kifuani. Tumeuinua, lakini, baba, hapakuwa na la kufanya."

Mzee alivua kofia yake. Eufrasia alidhani ataomba. Badala yake aliuliza, kwa sauti ambayo bintiye hakuwahi kuisikia:

"Alisimama wapi?"

"Penye bendera. Hatua kumi kutoka kwenye mstari wa kuangukia mti, kama kitabu kinavyotaka. Mimi mwenyewe nilimwona."

"Upande gani?"

"Upande gani wa nini?"

"Wa mti, Eufrasia! Kulia au kushoto?"

"Kulia," akasema binti. "Kwani kuna tofauti gani?"

Yoramu aliukunjua mkono wa shati, akafunga kishikizo cha kifundoni.

II

Kaspari Tawete alizikwa siku ya pili yake. Baba yake, Zakayo, alikuwa Mngoni aliyekuja kutoka Songea akiwa kijana, akabaki Lyamanda kwa sababu ya kazi. Kwa miaka kumi na tisa yeye na Yoramu walishika ncha mbili za msumeno mmoja. Na kwa kuwa mmoja ni Mngoni na mwingine ni Mhehe, walikuwa watani tangu kwa mababu zao waliochinjana, na mtani ana kazi yake msibani: hucheka pale ambapo ndugu hawawezi, husema pale ambapo wengine hawathubutu, wala hakuna amchukiaye.

Watani wa Kihehe walifika wakifanya yaliyowapasa. Mama mmoja mnene alivaa ovaroli ya marehemu kinyumenyume, akajitupa juu ya lundo la udongo.

"Hatoki mtu hapa mpaka niletewe kuku!" akapiga kelele. "Enyi Wangoni! Mmevuka mito yote ile na mikuki yenu, mmekuja kushindwa na msonobari? Msonobari, jamani! Mti wa kutengenezea vijiti vya kiberiti!"

Watu walicheka huku wakifuta machozi. Zakayo naye alicheka, mabega yake yakitetemeka. "Mpeni kuku huyo mchawi," akasema, "la sivyo atanifuata mpaka kaburini." Kisha akainua macho. "Na mtani wangu mkubwa yuko wapi? Yoramu! Mama yangu alipokufa ulilala shimoni saa nzima, ukatutoza mbuzi. Leo ulimi wako umeumwa na nyuki?"

Watu wote walimgeukia. Yoramu alisimama ukingoni, kofia kifuani, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Katika maisha yake yote hapakuwa na mtu wa Lyamanda aliyemwona mtani akikosa neno penye kaburi, na minong'ono ilipita kati ya watu kama upepo kwenye sindano za misonobari. Mtani asiyeweza kutania, walisema wazee, ama ni mgonjwa ama ana deni na maiti.

Zakayo alimtazama kwa muda mrefu. Hakutania tena.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, mkaguzi wa Shirika, Bi. Liberata Shayo, alisimama kando ya mjane, akasema aliyotumwa kusema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na ilionekana kwamba alitamani kuwa mahali pengine. Kumbukumbu za panzi, alisema, zinaonyesha kwamba mkato ulikuwa sahihi kwa kila kipimo. Kwa hiyo kifo hiki kimeandikwa kwa muda kuwa kosa la mtunzaji. Baraza litaketi Jumatatu kulithibitisha.

"Kosa lake?" akauliza Tabita, mke wa marehemu. "Mume wangu alikuwa akipima hatua zile mara mbili. Walimcheka kwa hilo."

"Nimeelewa, mama. Baraza litasikiliza."

"Na likithibitisha, kiti chetu?"

Bi. Liberata alitazama chini. Kila mtu alijua. Mtunzaji akifa kwa kosa la mashine, kiti hubaki kwa ukoo wake. Akifa kwa kosa lake, kiti hurudi kwa Shirika, na Shirika halikuwa limetoa kiti kipya kwa miaka saba.

III

Jumamosi asubuhi Zakayo alisimama mlangoni kwa Yoramu, amevaa viatu vya msituni.

"Kamwene, mtani," akasema. Kwa utani wa siku zote yeye Mngoni humwamkia Yoramu kwa Kihehe, akiyapinda maneno kusudi. Leo hakuyapinda.

"Kamwene."

"Twende."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Walipanda bila kuzungumza. Siku za kufiwa panzi huzimwa, na msitu ulikuwa kimya kiasi cha kusikika matone ya ukungu yakidondoka kutoka sindano hadi sindano. Yoramu alipanda polepole. Goti lake la kulia lilikuwa na ubaya tangu siku gogo lilipolibana, miaka zaidi ya thelathini iliyopita, naye alikuwa ameufanya ubaya ule kuwa sehemu ya mwendo wake, hata watu wengi walidhani ni madaha ya uzee.

Kule Ihanga mteremko ulikuwa mkali kama paa la nyumba. Zakayo alipita kwenye bendera bila kuitazama. Alichuchumaa penye kisiki, akafagia maganda kwa kiganja.

Kwa mtu asiyejua, kisiki ni kisiki. Lakini mkata miti wa zamani hukisoma kama karani asomavyo barua. Mti haukatwi wote hadi upande wa pili; mkataji huacha ubavu mwembamba wa mbao katikati, uushike mti ukiwa unaanguka, kama bawaba ishikavyo mlango. Ubavu ule ukiwa sawa pande zote, mti huenda ulikotumwa. Ukiwa mnene upande mmoja, huuvuta mti upande huo.

Zakayo aliweka vidole vitatu juu ya bawaba iliyovunjika, upande wa kulia. Kisha akaweka kidole kimoja, upande wa kushoto.

"Soma," akasema.

"Nimeona."

"Sikusema ona. Nimesema soma, wewe uliyesomeshwa na masista."

Yoramu alipitisha kidole juu ya bawaba, akakiondoa.

"Basi nitakusomea mimi Mngoni mjinga," Zakayo akasema. "Kimeandikwa hapa: Mimi ni Yoramu Kihwele. Goti langu la kulia limeharibika, siwezi kurukia upande wa kulia. Mti ukianza kulia mimi hukimbilia kushoto. Kwa hiyo naacha bawaba nene kulia, mti uniepuke, uende kulia kidogo. Kidogo tu. Kwenye tambarare hakuna aonaye. Na sisi tuliofanya kazi nawe tulikuwa na msemo wetu, unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Useme."

"Usisimame kulia kwa Yoramu."

"Tuliucheka miaka kumi na tisa." Zakayo alipangusa maganda kwenye kiganja. "Siku madaktari wa Shirika walipokuja kutupima, nilikuona ukitembea mbele yao umenyooka kama bibi harusi. Ulikuwa umelifunga goti kwa kitambaa hata mguu ukawa mweusi. Mimi nilikuwa wa pili katika orodha, mtani. Neno moja tu na ningechukua nafasi yako. Nikanyamaza. Nilisema, mwache, ana mtoto mmoja na mke mgonjwa."

"Najua ulinyamaza."

"Na nilipompeleka mwanangu kwenye panzi sikumwambia kitu. Unajua kwa nini?" Aligeuka, na uso wake ulikuwa umeanguka kama ukuta. "Nilidhani wanachukua mkono. Kumbe walichukua na mguu."

Ndivyo ilivyokuwa. Jicho la panzi lilikuwa kali kuliko la tai, lakini lilifundishwa kwamba mkato sahihi ni mkato wa mwalimu. Panzi mwenye miguu sita mizima alikuwa akichechemea kwenye kila mti, na kila kipimo kilisema hachechemei. Kwenye tambarare kosa lilikuwa hatua mbili tatu. Kwenye mteremko wa Ihanga lilizidi kumi.

"Utanishtaki Jumatatu?" Yoramu akauliza.

Zakayo aliinuka, akajipangusa magoti. "Mimi? Mimi ni mtani wako. Nikisema watadhani natania. Wala kanuni haisemi mti ukimwua mtu, baba yake apige kelele. Inasema aliyeuangusha." Akaanza kushuka. Baada ya hatua chache akasema bila kugeuka, "Pita kushoto kwangu, kulia pana utelezi."

IV

Jumapili, baada ya misa, Eufrasia alimkuta baba yake mezani, mkataba wa Shirika umefunguliwa mbele yake. Mzee alimsimulia yote, bila kupunguza, kwa maana hakuwahi kumfundisha mtoto huyo kusema uongo, na aliona aibu kuanza kumfundisha sasa. Binti alisikiliza amesimama, mwiko mkononi.

"Basi ni rahisi," akasema hatimaye. "Kesho nitawaambia watunzaji wote: bendera za kulia zirudi nyuma hatua ishirini. Nitasema ni kwa ajili ya mteremko. Hakuna atakayeuliza. Hakuna atakayekufa tena."

"Na Kaspari?"

"Kaspari amekufa, baba."

"Amekufa na jina la mzembe. Na Tabita atanyang'anywa kiti kwa jina hilo."

"Tutamsaidia Tabita. Tutachanga, sote sitini na tisa."

"Mpaka lini?"

Eufrasia aliweka mwiko chini kwa nguvu. "Baba, umesoma ukurasa wa themanini na mbili?"

"Nimeusoma."

"Basi nisomee, maana labda mimi sikuuelewa. Unasema mkono wa Lyamanda ukikoma, na wajibu wa Shirika kuajiri watu wa Lyamanda unakoma. Hawataleta mkono mwingine. Wataleta mabubu." Hayo yalikuwa mashine zisizo na mkono wa mtu yeyote, ambazo sheria iliziruhusu kufanya kazi mahali pasipo na binadamu tu; zilipoingia, msitu ulizungushiwa uzio na hata mwokota kuni hakupita. "Kule kwa jirani zetu zimeingia miaka mitatu. Umekwenda kuona? Shule imebaki na mwalimu mmoja na mbuzi. Watu sabini, baba. Mama wa watoto watano yumo. Mimi nimo. Unataka kuwaua sabini kwa ajili ya jina la mtu mmoja aliyekwisha kuzikwa?"

"Sitaki kumwua mtu. Tayari nimeua."

"Hukuua wewe! Ulikuwa kibandani, unakunywa chai!"

"Mkono ulikuwa wangu. Siku zote mlipokula kwa mkono huo mliuita wa nani?"

Maharage yakaanza kuungua jikoni bila mtu kujali. Yoramu alimtazama binti yake: mashavu yaliyopasuliwa na baridi, mikono yenye utomvu usiotoka kwa sabuni yoyote. Kiti chake kilitokana na siku ile ya kitambaa na goti. Kila mkate aliomlisha tangu hapo ulikuwa umefungwa ndani ya kitambaa hicho. Na bado alipoupima moyo wake aliona kwamba, kama daktari yule angerudi leo na mke wake angekuwa hai akikohoa chumba cha pili, angelifunga goti tena. Hilo ndilo lililomtisha. Kosa lake hakulijutia vya kutosha. Ila lilikuwa lake.

"Wakiuvuta uzi," Eufrasia akasema kwa sauti ya chini, "mishipa iliyoota kuuzunguka inatoka nao. Hutashika hata kijiko."

"Imeandikwa ukurasa wa themanini na tatu."

"Sitakulisha," akasema binti, akalia. "Wallahi vile, baba, ukifanya hivyo sitakulisha."

Naye alikuwa Mkristo tangu kuzaliwa. Lakini wakati mwingine mtu huapa kwa kiapo kilicho karibu.

V

Baraza liliketi Jumatatu saa nne katika banda la kiwanda, kati ya mbao zilizopangwa zikauke. Watunzaji sitini na tisa walisimama nyuma. Tabita aliketi mbele, na Zakayo kando yake, macho sakafuni.

Bi. Liberata alisoma vipimo. Alisoma vizuri, kwa haki, wala hakuongeza neno. Mkato sahihi, jicho safi, ukungu wa kawaida. "Kwa hiyo," akasema, "iwapo hakuna mwenye ushahidi mwingine, baraza linathibitisha..."

"Ninao," akasema Yoramu.

Alitembea mpaka mbele. Hapo alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mzee yule ambaye hata kwenye joto hafungui kishikizo cha shingo. Alipandisha mguu wa suruali mpaka juu ya goti, mbele ya wanawake na vijana, na goti lile likaonekana: jeusi, limepinda, lina kovu kama mzizi. Kisha akatembea mbele yao kutoka ukuta hadi ukuta, bila kulificha. Alichechemea vibaya.

"Mwendo huu," akasema, "ndio wa panzi wote arobaini."

Akaeleza. Hakumtaja Zakayo. Alieleza kitambaa, madaktari, bawaba, na mteremko. Alipomaliza, mkaguzi alikuwa ameacha kuandika.

"Mzee Kihwele," akasema polepole, "nadhani umechoka. Baraza linaweza kuahirishwa. Tunaweza kurekebisha nafasi za bendera bila... Unaelewa unachokiomba?"

"Siombi, bibi. Nauliza. Ukurasa wa kwanza wa mkataba wako una maneno gani?"

"Kila mtu anayajua."

"Basi yasome, tuyasikie kwa sauti ya Shirika."

Akayasoma. Sauti yake ilipungua kufikia mwisho.

"Mtunzaji Kaspari Tawete alisimama alipopaswa kusimama," Yoramu akasema. "Andika hivyo. Mti uliangushwa na Yoramu Kihwele. Andika na hilo."

Nyuma kulikuwa na vurumai. "Mzee, unatuua!" mtu alipiga kelele. "Wewe umekula miaka kumi na miwili, sasa umeshiba ndipo unaifunga sufuria!" Mwingine alirusha kofia yake ya chuma, ikagonga mbao karibu na kichwa cha mzee. Hakuikwepa. Yule mama wa watoto watano hakupiga kelele. Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, kama aliyekatwa. Eufrasia alikuwa miongoni mwao, na uso wake ulikuwa mtupu.

Zakayo peke yake ndiye aliyeinuka. Aliwageukia wenzake, akafungua kinywa, na kwa kitambo ilionekana kwamba atasema kuhusu orodha ile, na neno moja alilolizuia. Yoramu alimtikisia kichwa. Zakayo akaketi, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Karani aliandika. Kifo: si kosa la mtunzaji. Kiti: kinabaki kwa ukoo wa Tawete. Tabita alitiwa karatasi mkononi, kiti cha kudumu katika kazi ambayo ingekoma jioni ileile. Aliisoma mara mbili, kama mumewe alivyokuwa akipima hatua. "Wamemwandika vizuri," akasema, wala hakumwambia mtu yeyote hasa. Akaikunja, akaitia kifuani.

VI

Zahanati ya Shirika ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mlima. Walimlaza mkono juu ya kitambaa cheupe. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, na kabla ya kuanza alieleza kwa utaratibu kwamba ganzi itazuia maumivu ya ngozi, lakini kwamba uzi ukivutwa kuna maumivu ambayo ganzi haiyafikii.

"Unaweza kubadili mawazo hadi nitakapoushika," akasema.

"Ushike, mwanangu."

Bi. Liberata alisimama kama shahidi. Mlimani panzi walikuwa kazini: Shirika halikutaka kupoteza siku, na watunzaji walikuwa wamerudishwa huko mara baraza lilipokwisha. Sauti ya misumeno ilikuja kwa mawimbi, juu na chini, kama ilivyokuwa ikija kila mchana kwa miaka kumi na miwili. Yoramu alisikia bila kutaka kwamba ule wa karibu ulikuwa umefika kwenye bawaba.

Kisha daktari akavuta.

Hakupiga kelele, ingawa daktari alisimulia baadaye kwamba meno ya mzee yalisikika yakisagana. Uzi ulitoka mrefu kuliko alivyodhani, umevikwa kitu cheupe chenye unyevu. Na mlimani misumeno ilinyamaza. Haikunyamaza yote pamoja: ilizimika kutoka bonde hadi bonde, hadi ule wa mwisho, wa mbali sana, ukazimika. Mti mmoja uliokuwa umekwisha kukatwa ulianguka peke yake katikati ya ukimya.

"Kunja vidole, mzee," akasema daktari.

Yoramu aliviamuru vikunjike. Vililala juu ya kitambaa kama vitu vya mtu mwingine.

"Jaribu tena."

"Vimesikia," akasema Yoramu. "Haviwezi."

Dirishani watunzaji walikuwa wakishuka mlima. Hawakuwa wakipiga kelele tena. Walikuja mmoja mmoja, ovaroli zimekunjwa kwapani, na mlinzi wa lango aliyapokea majina yao na kuyafuta. Eufrasia alipita miongoni mwao. Alijua dirisha lile ni la chumba gani. Hakugeuza kichwa.

Bi. Liberata aliweka karatasi mbele ya Yoramu. Iliandikwa kwamba mkono wa Lyamanda umetolewa kwa hiari ya mwenyewe, kwa kutimiza Kanuni ya Kwanza, na kwamba hakuna dai lililobaki kati ya Yoramu Kihwele na marehemu Kaspari Tawete. Kwa mazoea akamsogezea kalamu, akashtuka, akairudisha.

Mzee yule alikuwa amejifunza kuandika kwa fimbo ya Sista Gaudensia, herufi zote zikiegemea upande mmoja, na hadi siku ile wanakijiji waliokuwa na barua ya maana walimletea aiandike. Alitazama mstari wa sahihi. Akauinua mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kuandika kitu, akachovya kidole gumba katika wino kama watu wasiokwenda shule, akakiweka pale alipoonyeshwa.

"Bonyeza, mzee," mkaguzi akasema kwa upole.

Akabonyeza.